Kilembwe: Wanaodharau mandale ndio hao hao wanaokunywa sashe

Kilembwe, sekta ya Lulenge, teritware ya Fizi. – Siku ya soko, mtu akitaka kujua nani anaheshimiwa Kilembwe na nani anadharauliwa, aangalie tu mahali pombe inapouzwa. Chini ya mabati, juu ya meza, kuna chupa za Primus zilizopanda toka Baraka kwa pikipiki. Pembeni yake kuna boksi za sashe, zile paketi ndogo za plastiki zenye pombe kali ambazo kijana anapasua kwa meno na kumaliza kwa pumzi moja. Mwenye meza hiyo anaitwa patron. Nyuma, karibu na mahali takataka zinatupwa, mama amekaa chini na jerikani ya manjano na makopo mawili. Anauza mandale. Huyo anaitwa "mama wa pombe", na jina hilo halitamkwi kwa heshima.

Mambo yamepinduliwa. Kati ya vinywaji vyote vinavyouzwa katika soko lile, mandale na kasiksi ndizo pombe zinazostahili sifa. Zinatoka kwa mkono unaojulikana, zimepikwa kwa mahindi na ndizi za hapa, na ule uchachu wake unaochekwa ndio ladha ambayo watu wa Ubelgiji wanailinda kama mali ya mababu na kuuziana kwa bei kali. Kinachostahili kusukumwa kule kwenye takataka ni sashe.

Jambo moja liwekwe wazi mbele ya kuendelea. Kandokando ya ziwa kuna waislamu wengi, na katika kila kijiji cha Fizi kuna waumini wa CEPAC na CELPA. Hao dini yao imewakataza pombe, na makala hii haimwiti hata mmoja kwenye kopo. Asiyekunywa abaki vile, na Mungu amusaidie. Haya yanaelekezwa kwa wale wanaokunywa tayari, na zaidi kwa wale wanaosimama katika mkutano wa kijiji mchana kusema pombe ya kienyeji ni uchafu na aibu ya maskini, kisha jioni wanaonekana na sashe mbili mfukoni mwa koti.

Kwanza waelewe kazi wanayoidharau. Mandale haianzi kwenye sufuria. Inaanza na mahindi yaliyolowekwa, yakatolewa majini, yakafunikwa na majani ya mgomba mpaka yaote. Yakiisha kuota yanaanikwa, yanasagwa, na unga huo ndio kimea. Unga mwingine, wa mahindi tena au wa muhogo, unapikwa sawa na uji mzito. Hapo ndipo mjuzi na asiyejua wanaachana. Uji ukiwa ungali moto sana, kimea kinakufa na pombe haitoki. Ukiwa umepoa kabisa, kimea kinafanya kazi kwa uvivu na vijidudu vibaya vinawahi. Mama hana kipimajoto. Anatia kidole, anahesabu kimyakimya, anaamua. Kimea kikiingia wakati wake, kinageuza wanga wa ule uji kuwa sukari, na chachu inaigeuza sukari kuwa pombe. Wakati huohuo bakteria zile zile zinazogandisha maziwa zinatia uchachu. Siku mbili, tatu, kazi imeisha.

Kasiksi nayo ina shule yake. Ndizi zinafukiwa katika shimo lililotiwa joto na kufunikwa kwa majani siku kadhaa ili ziive pamoja, maana ndizi moja iliyobaki mbichi inaharibu maji ya zote. Zinamenywa, zinakandwa na majani makavu mpaka maji yatoke safi, yanachujwa, halafu unatiwa unga wa mtama uliokaangwa. Ule mtama ndio unaoleta rangi na lile povu la juu. Warundi ng'ambo wanafanya hivyo na kuiita urwarwa. Wachagga wa Kilimanjaro wanachemsha ndizi zao na kutia kimea cha ulezi, wanaita mbege, na harusi yao bila mbege haijakamilika. Hakuna anayewaambia Wachagga kwamba mbege ni aibu.

Msikilizaji ajiulize tena: huyu anayekunja uso kwa sababu mandale ni chachu, bugali wake ametoa wapi? Muhogo wa Fizi unalowekwa siku tatu au nne, unavunda, unachacha, ndiyo sababu sumu yake inapungua na unga wake una ile harufu ambayo mtoto wa Fizi akiwa Kinshasa anailia. Maziwa ya kuganda yanayoshuka toka milimani nayo ni machachu, na watu wanayagombania. Ulimi unaokubali uchachu katika sahani na kuukataa katika kopo haujapima ladha yoyote. Umefundishwa haya.

Nani aliufundisha? Bia ya chupa iliingia Kongo na Wabelgiji. Kampuni iliyokuja kuitwa Bralima ilianzishwa Léopoldville mwaka 1923, na Primus ya kwanza ikatoka mwaka 1926. Toka hapo chupa ikawa cheti. Mwenye chupa mezani ni mtu aliyestaarabika, mwenye kopo ni mshamba. Hata Patrice Lumumba, miaka michache mbele ya kuwa waziri mkuu wa kwanza, alikuwa akiuza bia ya Polar mjini Léopoldville, na alijua sana kwamba yeye anauza zaidi ya kinywaji. Chupa ilikuwa dalili ya mtu mpya. Sasa miaka imepita zaidi ya 60 toka uhuru na cheti hicho bado kinatembea Kilembwe, mahali ambapo barabara yenyewe haitembeki wakati wa mvua.

Na hao Wabelgiji, kwao wanakunywa nini? Katika bonde la mto Senne, karibu na Brussels, kuna bia inaitwa lambic. Inapikwa kwa shayiri na ngano, kisha inamwagwa katika chombo kipana cha wazi, juu darini, usiku mzima wa baridi, ili chachu iliyoko hewani iingie yenyewe. Hakuna mtu anayetia hamira. Inalala katika mapipa ya mbao mwaka mmoja, miwili, hata mitatu. Baadaye mjuzi anaonja pipa kwa pipa, anachanganya nzee na changa, anafunga katika chupa yenye kizibo sawa na ya champagne. Hiyo inaitwa gueuze. Wakitia matunda ya cherry machachu inaitwa kriek. Ni bia chachu kabisa, ya kukunja shavu. Anderlecht kuna kiwanda cha familia, Cantillon, kimekuwepo toka mwaka 1900, na watu wanapanda ndege kwenda kusimama kwenye yale mapipa na kuonja. Chupa moja ya gueuze inaweza kupita dolari 10. Mwaka 2016 UNESCO iliandika utamaduni wa bia wa Ubelgiji katika orodha ya urithi wa binadamu wote.

Wajerumani wana Berliner Weisse, chachu pia, na Gose ya Leipzig ambayo wanatia hata chumvi. Marekani viwanda vidogo vinashindana nani atatoa bia chachu zaidi, na wenye ujuzi wanaandika kurasa na kurasa juu ya harufu ya limau, ya tufaha bichi, ya nyasi kavu. Mtu wa Kilembwe akisoma maneno hayo bila kuambiwa yanahusu nini, atadhani wanamzungumzia mama wa jerikani ya manjano.

Kuna watakaosema: kule wana usafi, wana vipimo, wana leseni. Ni kweli, na hilo litafikiwa chini. Lakini lambic nayo ilianza mashambani, kwa wakulima waliopika kwa nafaka yao, hewa ya kwao na pipa lililopatikana. Haikuanza na leseni. Na hakuna haja ya kwenda hadi Ubelgiji. Zambia walichukua pombe ya mahindi na mtama, wakaiita Chibuku, wakaitia katika paketi na kuiuza ikiwa ingali inachacha, ndiyo maana inabidi itikiswe mbele ya kunywa. Arusha kuna kampuni inayotengeneza pombe ya ndizi, Banana Investments, na chupa zake za Raha zinauzwa dukani bila mtu kuficha uso. Waliofanya hivyo walitazama kopo la bibi yao wakaona kazi.

Sasa tufike kwa chupa yenyewe, ile ya patron. Hopsi yake haioti Kongo. Imepanda meli, lori, boti na pikipiki, na kila mahali imelipiwa. Mwezi wa pili mwaka 2025 Bukavu iliangukia mikononi mwa M23, na mwezi wa sita Heineken, waliokuwa wenye Bralima wakati ule, wakatangaza kwamba watu wenye silaha wamechukua sehemu zao za kazi za Bukavu na Goma na kwamba wao hawazitawali tena. Kila mnywaji wa Fizi anajua bei ilivyofanya njiani. Mandale haikuuliza habari ya Bukavu. Mahindi yalikuwa Lulenge, mama alikuwa Lulenge, sufuria ilikuwa juu ya mafiga.

Primus, hata hivyo, ni bia ya haki. Ina kama asilimia 5 ya pombe na inapikwa vizuri. Mtu akiwa na pesa na anaipenda, ainywe. Vita ya makala hii haiko na chupa.

Vita iko na sashe. Ndani yake mara nyingi kuna pombe ya asilimia 40 au zaidi, katika kipimo ambacho mtoto wa miaka 12 anaweza kukishika ndani ya kiganja na kukinunua kwa pesa ya biskuti. Mchimbaji anaimeza asubuhi mbele ya kuteremka shimoni, ili asiogope. Dereva wa pikipiki anaimeza mbele ya kupanda mlima na mama na mtoto mgongoni. Haina povu, haina harufu ya nafaka, haina mtu unayeweza kumrudia kesho na kusema "mama, jana ulitupatia nini?" Inalewesha haraka, ndiyo kazi yake yote. Plastiki yake inabaki mitaroni na mvua ikinyesha maji yanaingia nyumbani kwa watu. Tanzania waliona hayo mapema. Tarehe 1 mwezi wa tatu mwaka 2017 walikataza viroba, jina lao la sashe, nchi nzima. Uganda nao walikataza. Wakubwa wa Fizi wanaovuka hadi Kigoma wanarudi na habari za mambo mengi ya kule. Hiyo hawarudi nayo.

Wanaochanganya mandale na kanyanga katika sentensi moja nao warekebishwe. Kanyanga ni pombe ya kutoneshwa, na mtoneshaji asiyejua au mwenye tamaa anaweza kuuza kitu cha kupofusha. Kenya mwaka 2014 makumi ya watu walikufa kwa siku chache, na wengine wakapoteza macho, kwa pombe iliyotiwa methanoli. Mandale na kasiksi hazitoneshwi. Hazina nguvu hiyo. Mtu anaweza kulewa nazo, bila shaka, na wako wanaume wa Kilembwe wanaothibitisha hilo kila jumapili, lakini inamchukua mchana mzima, na tumbo linajaa mbele ya akili kuondoka.

Kuna lawama moja ambayo haistahili kuchekwa. Wanaisema watu wa heshima, hata wauguzi: katika sehemu yenye njaa, na wahami wamejaa katika familia za watu, namna gani mahindi yaende kwenye pombe? Swali ni zuri. Jibu liko kwa mama mwenyewe. Muhami aliyeshuka toka Itombwe au toka milima ya Minembwe hakuja na shamba. Hakuja na mbuzi. Alichokuja nacho, ambacho hakuna mwenye silaha aliyeweza kumpokonya njiani, ni ile hesabu ya kidole katika uji. Anakopa sufuria kwa jirani, anachukua mahindi kwa deni, anapika. Akiuza unga, analipa deni na kubaki mikono mitupu. Akiuza mandale, analipa deni, anaweka kidogo katika likelemba, ananunua unga wa watoto na ndakala juu yake. Machicha yanayobaki anampa jirani mwenye nguruwe, na jirani anasahau kudai kodi ya chumba mwezi huo. Shule ya msingi ni ya bure toka mwaka 2019, lakini sekondari inalipwa, na katika Kilembwe wako watoto wengi wanaosoma kwa pesa ya jerikani. Anayetaka mahindi yale yasiende kwenye pombe amletee huyo mama shamba na usalama wa kulilima. Kumletea hotuba ni rahisi zaidi, ndiyo maana zinakuja nyingi.

Pesa ya familia inayoishia katika kopo la baba ni jambo lingine, na hapo hakuna utetezi. Mwanaume aliyepata dhahabu asubuhi na jioni watoto wamelala njaa ana kosa, akiwa alikunywa mandale, Primus au sashe. Tofauti ni kwamba pesa ya mandale inabaki kijijini.

Usafi sasa. Wale wanaosema pombe ya kienyeji inaweza kuleta magonjwa wana haki, na wapenzi wa mandale waache kujifanya hawasikii. Pwani ya Fizi ni nchi ya kipindupindu, kila mtu wa Baraka anajua. Uji wa mandale umechemshwa, lakini maji ya kuongeza baadaye, ili jerikani ijae, je? Kasiksi ndiyo hatari zaidi, kwa sababu maji ya ndizi hayapiti motoni kabisa. Uchachu unazuia vijidudu vingi lakini hauui vyote, na anayesema pombe chachu haiwezi kumharisha mtu anadanganya. Maji yachemshwe, yapoe, ndipo yatiwe. Kisha kopo. Makopo mawili kwa wanywaji ishirini, au mrija mmoja unaozunguka midomo ya wazee wote, ni desturi nzuri iliyopatwa na wakati mbaya. Mpox ya Kamituga ilifundisha Kivu ya Kusini yote kitu gani kinapita kati ya ngozi na ngozi, kati ya mate na mate. Mnywaji aje na kopo lake. Si ghali, na mama hatakasirika.

Na mnywaji ajifunze kuchagua, maana anayekunywa chochote ndiye anayemfanya mama mvivu auze chochote. Mnywaji mjuzi wa Kilembwe anajulikana kwa maswali yake.

"Mama, hii ni ya lini?"

"Ya jana, papa. Ya leo ingali na sukari, wewe hauipendi."

"Maji ulichemsha?"

"Uliza huyu mtoto, ndiye alibeba kuni."

Mandale ya siku ya kwanza ni tamu na nzito, karibu chakula. Wasiozoea waanzie hapo. Ya siku ya pili ndiyo pombe yenyewe: povu jembamba, uchachu unaogusa pande za ulimi kisha unaondoka, harufu ya uji na ya tunda kwa mbali. Ya siku ya tatu ni ya wazee na ya wale wanaopenda kukunjwa uso, na ndiyo iliyo karibu zaidi na ile gueuze ya dolari 10. Ikinuka siki kali ya kuchoma pua, au yai bovu, au ikiwa na ngozi ya rangi juu, imwagwe. Mama mwema ataimwaga mwenyewe. Kasiksi nzuri ina rangi ya chai yenye maziwa kidogo, na tone la kwanza linaonja ndizi kabla uchachu haujafika.

Chakula chake ni ndakala waliokaangwa bila mafuta mengi, na pilipili. Ule uchachu unakata chumvi ya samaki na kuomba kipande kingine. Kwa sombe la mawese nao wanapatana, kwa kuwa mawese ni mazito na pombe inasafisha mdomo. Na nyama ya mbuzi ya kuchoma, siku iliyopatikana, ichukuliwe na ya siku ya tatu. Primus baridi hapo inafaa pia, ila baridi Kilembwe inategemea jenereta ya patron na hali yake ya moyo.

Kinachobaki ni mambo ya wakubwa. Wamama wa pombe wanalalamika kwamba jerikani inadaiwa mbele ya kopo la kwanza kuuzwa: kodi ya soko, pesa ya usafi wa mahali ambapo hapasafishwi, na kwenye kila barieri "sukari" ya kijana mwenye kamba. Boksi za sashe zinapita barieri zile zile juu ya pikipiki, na lipite jambo gani kati ya mwenye boksi na mwenye kamba, boksi linafika salama. Wenye madaraka katika sekta na katika teritware wanaweza kubadili hilo bila kungoja Kinshasa: jetoni moja kwa siku ya soko na isiyorudiwa njiani, mahali pa kuuzia palipo na kivuli na maji, mbali na takataka, na mwuguzi apite mara moja kwa mwezi kuonyesha namna ya kuchemsha na kufunika. Mwenye kumwuzia mtoto afungiwe, awe wa jerikani au wa meza. Na sashe isipakuliwe tena Kilembwe.

Shirika la raia liliandikie swali hilo kwa maandishi, na jibu lisomwe redioni. Soko linalofuata wamama watakuwa pale pale nyuma, tangu saa moja asubuhi, na ya siku ya pili huwa inaisha mbele ya saa sita.